Madirisha ya Lilleyman

Josiah Garley alitoa tangazo lake Jumatatu jioni, mezani, kabla hata hajavua kofia.

"Jumamosi tunahama," akasema. "Mzee Faulkner ana kazi kule kijijini kwake, kazi ya kushonea nyumbani kama zamani. Ana nyumba tupu na kibanda nyuma yake. Gari lake la farasi linakuja saa nane mchana. Nimeshampa neno langu."

Mke wake Kezia alikuwa akikata mkate wa kuchemsha, ule wenye nyama ya nguruwe na kitunguu ndani. Kisu kikasimama kidogo, kisha kikaendelea.

"Keti ule," akasema. "Chakula kinapoa."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa majibu yake. Josiah akaketi akala, akajiambia kwamba mke wake amefurahi ila hataki kuonyesha. Wanaume wa mji huu ni mabingwa wa kujiambia mambo.

Mtaa mzima ulijua kwa nini Garley anahama, au ulidhani unajua. Alikuwa mshona viatu wa mtindo wa zamani. Miaka yote alishonea kibandani kwake mwisho wa bustani, hakuna aliyempangia saa, na Jumatatu alikuwa hashiki hata sindano, maana kwa watu wa kazi yake Jumatatu ilikuwa siku ya kupumzika kutokana na uchovu wa Jumapili. Mwaka ule wenye viwanda wa mji wetu wa Northampton, hapa Uingereza, wakapatana kwamba ngozi haitoki tena kwenda majumbani. Anayetaka kushona aje ndani, chini ya paa lao, kwa kengele yao. Watu wakasema Garley kiburi kinamsumbua, hawezi kupigiwa kengele. Mwenyewe hakubisha. Kiburi ni sababu ambayo mwanamume anaweza kuisema baa, mbele ya watu, na akanunuliwa bia.

Sababu ya kweli hakuweza kumwambia mtu yeyote, na Kezia ndiye wa mwisho ambaye angemwambia. Sababu ya kweli ni kwamba macho ya Kezia yalikuwa yamekwisha, na yeye Josiah alikuwa akilificha jambo hilo kwa miaka.

Kile kibanda Josiah alikijenga kwa mikono yake mwaka waliooana, kwa matofali ya kuokotaokota, kikubwa kiasi cha kuwatosha watu wawili wakikaa magoti yanagusana. Yeye alikaa kwenye kigoda cha chini, kiatu kimebanwa mapajani kwa mkanda, akivuta uzi wa nta mkono huku na mkono huku. Kezia alikaa ubavuni pake na cherehani ya miguu, akiunganisha vipande vya ngozi ya juu kabla mumewe hajavivalisha kwenye kalibu, ule mguu wa mti wa kuumbia kiatu, na kuvitia soli. Walifanya kazi namna hiyo tangu ujana. Waligombana humo, wakaimba tenzi za kanisani humo, wakanuniana kutwa nzima, kisha wakasemezana tena kwa sababu mmoja alihitaji mkasi na mkasi uko kwa mwenzake.

Halafu mshono wa Kezia ukaanza kuyumba. Mwanzoni kidogo tu, mahali pa kona. Josiah aliona, akanyamaza. Kezia alipoingia ndani kutenga maji ya chai, Josiah aliichukua ile ngozi, akaufumua mshono, akayaziba matundu ya zamani kwa nta na kuyagongagonga kwa nyundo mpaka yakafa, kisha akashona upya kwa mkono, haraka, moyo ukimdunda kama mwizi. Kezia akarudi na chai akaikuta kazi palepale alipoiacha. Baada ya mwaka kona zikawa nyingi. Baada ya miaka hazikuwa kona tena, ilikuwa mistari mizima, na Kezia alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kuguswa na sindano. Josiah akawa anaamka alfajiri ili afumue kabla mke wake hajatoka kitandani.

Kwa nini hakusema? Jamani, angesemaje? Kezia alikuwa na jina. Wanawake wa mtaa ule waliwahi kumletea binti zao awafundishe kushona mstari ulionyooka. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba haoni, umemnyang'anya nini na umemwachia nini? Josiah alimpenda mke wake kupita kiasi, na watu wanaopenda kupita kiasi hufanya mambo ya kijinga kwa uangalifu mkubwa.

Ndipo Lilleyman, mwenye kiwanda aliyekuwa akiwapa ngozi, akawaita wote ndani.

Jengo la Lilleyman limeshika kona ya mitaa miwili, matofali mekundu toka chini hadi juu. Mlango wa wanaume uko mtaa mkubwa, na juu yake fundi wa mawe amechonga buti na kamba zake zote, kana kwamba kuna mtu mjini humu asiyejua humo ndani wanatengeneza nini. Mlango wa wanawake uko mtaa wa pili, mwembamba, hauna buti wala ua. Ngazi ni mbili na hazikutani popote. Aliyelichora jengo lile alitumia akili, tumpe haki yake. Ngozi inavutwa kwa winchi mpaka juu kabisa, kwa wakata ngozi na tai zao shingoni, ambao wanataka mwanga wa paa la kioo wasije wakakata palipo na kovu la ng'ombe. Vipande vinashuka kwa wanawake wenye cherehani. Vikishaunganishwa vinashuka tena, ndani ya sanduku la kamba lililojengewa ukutani, mpaka kwa wanaume wa chini wenye kalibu na nyundo. Kiatu kinatokea mlango wa nyuma kikiwa kwenye boksi. Alifikiria kila kitu yule bwana, isipokuwa mume na mke waliozoea kukaa magoti yanagusana. Hao aliwatenganisha kwa dari moja na nguzo za chuma, na hakujua.

Josiah akapewa nafasi chini, karibu na dirisha, akishona mabuti mazito ya wanaume. Kezia yuko juu yake mahali fulani, cherehani moja kati ya cherehani nyingi mno, akishona viatu vya wanawake ambavyo vilishukia meza nyingine. Josiah alijaribu kuitambua cherehani yake kwa kelele tu. Hakuweza, lakini hakuacha kujaribu.

"Garley," akasema Enos Chown, jirani yake wa meza, mtu wa utani usiokwisha. "Hiyo dari unaitazama kutwa. Inavuja?"

"Fanya kazi yako."

"Mimi wangu yuko juu, mimi niko chini, na jioni nampigia Mungu magoti kwa wema huo. Wewe mwenzangu sura kama umefiwa."

"Enos, una mdomo."

"Ninao. Nimezaliwa nao."

Kilichomtesa Josiah ni msumari. Bi. Tansley, nyapara wa ghorofa ya wanawake, alikuwa amepigilia msumari kwenye fremu ya mlango wa ngazi. Mshono uliopinda ulitundikwa hapo, na kikaratasi chenye jina la aliyeushona, ukakaa mpaka kengele ya jioni. Kila mwanamke aliyepita aliusoma. Wasichana wadogo walilia, wakasahau. Kezia hakuwa msichana mdogo. Josiah alimwona kwa mawazo akishuka ngazi jioni, amepita mbele ya jina lake mwenyewe, na wale aliowafundisha wakiangalia pembeni kwa heshima. Hilo wazo lilimnyima usingizi na hamu ya kula. Huku chini hakuwa na namna ya kufumua chochote. Ndiyo maana kijiji, ndiyo maana kibanda cha mzee Faulkner: apate tena mahali ambapo mke wake atakwenda kutenga maji ya chai.

Kila jioni aliuliza kama mtu asiyejali.

"Msumarini leo alikuwepo nani?"

"Yule binti wa Chettle," Kezia akajibu Jumanne. "Maskini, amelia kutwa."

"Hakuna mwingine?"

"Unataka wangapi?"

Jumatano Kezia ndiye aliyeuliza, mgongo umemgeukia, anaosha vikombe.

"Hicho kibanda cha Faulkner. Kina dirisha?"

"Kibanda ni kibanda. Kina dirisha."

"Kubwa?"

"Kezia, tunakwenda kufanya kazi, hatuendi kutazama ng'ombe."

Kezia akavifuta vikombe, akavipanga. Josiah akaridhika. Ukitaka kujua mtu mwerevu anaweza kuwa mjinga kiasi gani, mtazame anapoishi na anayemjua vizuri.

Alhamisi akaenda kuaga kazi kwa Bwana Rudkin, msimamizi wa wanaume, mtu mnene mwenye subira.

"Unaacha kwa sababu gani, Garley?"

"Kengele."

"Kengele imekufanya nini?"

"Inaniumiza masikio."

Rudkin akafungua daftari lake. "Haya," akasema. "Jumamosi kengele ya mchana ndiyo ya mwisho kwako. Nafasi yako naipa mtu mwingine."

Ijumaa, mshonaji mmoja wa viatu vya wanawake upande wa pili wa chumba hakuja kazini, alikuwa na kifua. Sanduku la kamba liliposhuka, Rudkin akaanza kugawa kazi yake kwa wengine, huyu furushi, yule furushi. Josiah akatupiwa furushi la buti za kike za vifungo, ngozi laini nyeusi ya mbuzi. Akalifungua bila hamu, akachukua moja, akapitisha kidole gumba juu ya mshono kama alivyofanya maisha yake yote kabla ya kuweka ngozi kwenye kalibu.

Kidole kikasimama.

Ulikuwa mshono mzuri. Josiah hakuwa mtu wa kusifia kazi ya mtu, lakini huu ulikuwa mzuri. Mistari miwili inakwenda pamoja kuzunguka kisigino, haikaribiani, haiachani, na penye kona inageuka bila kusitasita. Akadhani ni kazi ya msichana mwenye macho mapya, akamwonea wivu kwa niaba ya mke wake. Akageuza ndani aone ulivyomalizwa.

Kezia alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Ncha za uzi alizifunga kwa fundo lake mwenyewe, linalolala upande ambao mafundo ya watu wengine hayalali, halafu akalisokomeza chini ya bitana kwa ncha ya mkasi. Bi. Tansley hakulijua fundo hilo. Wasichana aliowafundisha hawakuliweza. Katika dunia nzima lilijulikana na kidole gumba cha Josiah Garley peke yake, na kidole hicho sasa kilikuwa juu yake.

Akachukua kiatu cha pili. Fundo lilelile. Akachukua cha tatu, akalimwaga furushi lote mezani, akashika kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vya Kezia. Vyote vimenyooka. Hakukuwa na tundu lililozibwa, hakukuwa na alama ya nyundo, hakuna mtu aliyefumua kitu hapa. Kezia alishona hivi wakiwa vijana, mwaka ule wa kwanza, alipokuwa akimtupia kazi iliyokwisha mapajani na kumwambia, haya fundi, usiiharibu.

Anaona, Josiah akawaza. Mke wangu anaona.

Akainua uso akatazama mbele yake, na mbele yake palikuwa na dirisha. Akatazama kushoto, dirisha. Kulia, dirisha. Wiki hizi zote alikuwa ameutazama ukuta wa Lilleyman bila kuuona. Haukuwa ukuta. Ilikuwa vioo vimeshikwashikwa na matofali, maana uzito wote wa ghorofa ulibebwa na nguzo za chuma katikati, na kuta zikabaki hazina kazi ila kuingiza mwanga. Na huku ni chini, ambako mtaa unaiba nusu yake. Juu kwa wanawake je?

Kibanda chake kilikuwa na dirisha moja la vioo vinne. Vioo viwili kati ya hivyo alivifunika yeye mwenyewe, kwa rafu ya kalibu, kwa sababu kalibu zinataka ukavu na ukuta ule ndio uliokuwa mkavu. Aliiweka lini ile rafu? Akakumbuka. Aliiweka vuli moja, akajisifu kwa Kezia jinsi ilivyokaa sawa, na majira ya baridi yaliyofuata ndipo mshono ulipoanza kuyumba. Kile kibanda kilikuwa giza, na giza lile yeye ndiye aliyelijenga, akalipigilia misumari, kisha kila alfajiri akaamka kurekebisha makosa ambayo giza lake liliyaleta.

Alisikia aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Na pamoja na aibu alisikia furaha, furaha kubwa ya kitoto.

"Umejichoma?" Enos akauliza.

"Hapana."

"Mbona machozi?"

"Vumbi."

Enos akayatazama machozi, akatazama zile buti zilizotapakaa mezani. Alifungua mdomo wake, ule aliozaliwa nao, kisha kwa mara moja maishani akaufunga, akarudi kwenye kazi yake.

Jioni ile Josiah hakuuliza habari za msumari. Aliketi, akavua kofia, akaiweka magotini.

"Kezia, nilikuwa nakufumulia mishono."

Kezia akaendelea kumenya kiazi.

"Kule kibandani," Josiah akasema. "Ukienda kutenga chai. Na alfajiri. Nilikuwa naifumua naishona upya. Miaka mingi. Nilidhani macho yako yamekwisha. Ndiyo maana ya Faulkner, si kengele. Kengele sina shida nayo. Niliogopa huyo Tansley atakutundika."

Alisema yote hayo akiitazama kofia. Aliponyanyua macho, Kezia alikuwa ameweka kisu chini.

"Josiah," akasema, "kibanda kile alikuwa anafagia nani?"

"Wewe."

"Uzi uliofumuliwa unajikunja. Ulikuwa chini ya kigoda chako, umejaa. Nilikuwa nauokota kila Jumamosi na kuutia motoni."

"Ulijua."

"Toka mwanzo."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Ulikuwa unafanya kwa upole mno. Ningesema, ungeacha kujificha, na ukiacha kujificha mimi naacha kushona. Nikishaacha kushona nakaa wapi? Jikoni peke yangu, na wewe kule." Akakichukua kile kiazi akakiangalia kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Nikajiambia, acha nione kama atachoka. Hukuchoka, wewe mtu. Kichwa kigumu."

"Lakini sasa unaona."

"Naona." Sauti yake ikabadilika. "Siku ile ya kwanza niliingia pale juu nikiwa najua kabisa kwamba kabla ya mchana nitakuwa msumarini. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyoshuka ngazi, nishike ukuta upande gani. Nikakaa. Nikadhani Bi. Tansley amenipa sindano kubwa kuliko ya wenzangu kwa huruma. Kumbe sindano ni ileile. Nililiona tundu lake, Josiah. Nikaingiza uzi mara moja. Nikautoa nikauingiza tena, nione kama nimebahatisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambieje? Kile kibanda ulinijengea. Ulikijenga kabla hatujawa hata na kitanda. Nije nikuambie kwamba kiwanda cha Lilleyman kinanifaa kuliko kibanda chako?"

Josiah akaikunja kofia. Kulikuwa na swali ambalo hakutaka kuliuliza, lakini lilikuwa limekwishafika mdomoni.

"Niliposema tunahama, ulisema keti ule. Kezia, ungekubali? Ungerudi gizani?"

"Nilidhani unateseka kule chini," Kezia akasema. "Chakula huli, usingizi hupati. Nilidhani kengele inakuua kweli."

"Nimekuuliza ungerudi."

"Ningerudi na wewe, ndiyo. Unauliza nini?"

Josiah akainuka, akazunguka meza, akaweka paji la uso wake begani kwa mke wake, na Kezia akamwacha hapo huku mikono yake ikinuka viazi. Walikaa hivyo mpaka sufuria ikaanza kuchemkia juu ya jiko, na Kezia akamwambia asogee.

Kesho yake asubuhi na mapema Josiah akampa mchukuzi wa barua za kijijini ujumbe kwa mzee Faulkner, kwamba asilete gari. Faulkner alikasirika na alikuwa na haki. Kisha Josiah akaenda kwa Bwana Rudkin, na kwa mtu wa aina yake hilo ndilo lililokuwa gumu, kumeza neno mbele ya msimamizi na chumba kizima kinasikiliza.

"Kengele imeacha kukuumiza masikio?" Rudkin akauliza.

"Nimeizoea."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Chumba kikacheka. Enos Chown akacheka kuliko wote, kisha akasema kwa sauti kwamba ikiwa Garley anaondoka naye ataondoka, maana hawezi kuanza kumzoea jirani mwingine kwa umri wake. Rudkin akakuna shavu.

"Ile nafasi ya dirishani nimeshaitoa," akasema. "Iliyobaki ni ile ya mwisho kabisa, karibu na ngazi ya kushukia ghalani. Kule giza, nakwambia mapema. Utafanya kazi na taa ya gesi."

"Nitaichukua."

"Sitaki uje kulalamika."

"Sitalalamika," Josiah akasema, na akasema asante, neno ambalo Rudkin hakuwa amelisikia kutoka kwake hata siku moja. Akabeba nyundo yake, misharasi yake ya kutobolea ngozi na mkanda wake, akahamia gizani, akafanya kazi mpaka mchana akipiga mluzi.

Kengele ya Jumamosi ilipolia na wanawake wakaanza kumiminika mtaani kwa mlango wao, Kezia alikuwa amesimama hapo mlangoni akimngoja, shali kichwani. Josiah alizunguka kona akamkuta.

"Njoo," Kezia akasema.

"Wapi?"

"Juu. Nikuonyeshe ninapokaa."

Josiah akautazama ule mlango mwembamba. Alikuwa hajawahi kuupita, wala hakumjua mwanamume aliyewahi. Wasichana waliokuwa wakitoka wakampisha, wakakonyezana. Kwenye kidato cha katikati wakakutana na Bi. Tansley anateremka na funguo zake, na pale ngazi ilikuwa nyembamba, hakuna wa kupita bila mwingine kukubali.

"Bi. Garley," akasema, "wanaume hawapandi ngazi hii."

"Huyu si mwanamume," Kezia akajibu. "Huyu ni mume wangu."

Bi. Tansley alikuwa mkali lakini hakuwa mbaya. Alimtazama Josiah kuanzia kofia mpaka viatu. Ni yeye aliyeipokea kazi ya Kezia kila jioni, na huenda alitaka kuona mtu aliyekaa na mwanamke mwenye mkono kama ule anafananaje. Akajibana ukutani.

"Robo saa," akasema. "Halafu nafunga, na mkiwa ndani mtalala ndani."

Juu cherehani zilikuwa zimenyamaza, mikanda yake imelegea, na chumba kilikwenda kutoka mwisho hadi mwisho bila ukuta wowote katikati, nguzo tupu, nyembamba, zimepakwa rangi ya kijani. Upande mzima wa kaskazini ulikuwa kioo. Hakukuwa na jua humo ndani, mbingu ilikuwa ya kijivu kama kawaida yetu. Palikuwa na mwanga tu, mweupe, umetulia, umefika mpaka chini ya meza. Josiah akasimama pale akiwa ameshika kofia kama yuko kanisani.

"Nilikuzibia vioo viwili," akasema.

"Najua. Na ilikaa sawa kweli ile rafu." Kezia akavuta kigoda cha tatu kutoka dirishani. "Hapa ndipo kwangu. Kaa."

"Nikae?"

"Kaa, uone ninavyoona."

Josiah akakaa. Kigoda kilikuwa cha juu kuliko alichozoea, kikamnyoosha mgongo. Akaweka mikono juu ya bamba la cherehani, akaona kila mkwaruzo uliokuwepo, akaona nyuzi za shati lake, akaona kovu kwenye kidole alilokuwa amelisahau. Akageuka amwambie Kezia.

Kezia alikuwa amesimama mbele yake, mgongo dirishani, anamtazama. Hakuwa akitabasamu. Alimtazama kama mtu anayesoma, polepole, kuanzia juu ya paji kushuka chini, akarudi juu tena, na Josiah, mtu mzima, akaona haya, asijue aweke wapi macho.

"Nini?" akauliza.

"Umezeeka, Josiah."

"Tangu lini?"

"Sijui," Kezia akasema. "Mimi ndiyo kwanza nakuona."

Akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akamshika kidevu, akamgeuzia upande wa mwanga, akaanza kumfuta nta iliyokuwa imeganda kwenye nyusi.